Siku Niliyoukemea Mto

Juzi hapa Tunduma bomba lilipasuka mtaani kwetu, na maji mekundu ya tope yakateremka barabarani mpaka mbele ya mlango wangu. Hayakuwa maji ya kutisha. Kuku waliyavuka. Lakini ile harufu iliponifikia, harufu ya udongo uliolowa ghafla na majani yaliyooza, nilijikuta nimesimama juu ya kiti cha plastiki, sketi nimeikusanya mikononi, mama mzima mwenye watoto wakubwa. Mwanangu wa mwisho alicheka mpaka akakaa chini. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa na mto, na dawa yake mpaka leo sijaipata.

Sisi tulikaa bondeni, Momba, mbali kidogo na Chitete, huko ambako barabara wakati wa masika ilikuwa ni jina tu. Baba alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi upande wa Zambia. Alirudi alipotaka, na mfuko wa rambo wenye sukari na sabuni, akakaa kidogo, akaondoka tena. Katikati ya safari zake aliyetulisha ni mama, na mama alilishwa na mto. Alikuwa mvuvi wa ndoano. Hakuwa na mtumbwi wala wavu, alikuwa na mshipi aliouzungusha kwenye kipande cha mti, ndoano chache, na nati ya baiskeli ya kuuzamisha mshipi. Babu yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, basi kazi yake alimfundisha binti. Wapo waliosema mwanamke kukaa mwambani na mshipi ni aibu. Hao hao jioni walituma watoto na bakuli la unga kuja kubadilisha na kambare.

Mahali penyewe mto ulipita kati ya mawe makubwa meusi, ukibanwa huku na huku. Kando ya mawe palikuwa na vilindi, na ndani ya vilindi ndipo walipokaa samaki. Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa katikati ya maji, limeinuka mgongo, watu wakaliita Kiboko. Kulifikia, mama aliruka mawe madogo moja baada ya jingine, khanga ameifunga kiunoni, kikapu kichwani, hashiki kitu. Mimi nilimwangalia kutoka ukingoni. Akifika alikaa, akanipa mgongo, akatupa ndoano upande wa chini ambako maji yalizunguka polepole. Hapo angeweza kukaa mchana kutwa kama mtu anayesubiri gari la Tunduma.

Wenzetu wa baharini wana maji kujaa na maji kupwa, na nasikia saa zake wanazijua. Mto wetu nao ulikuwa na kujaa kwake, ila saa zake alizijua Mungu peke yake. Mvua ilinyesha huko juu milimani, sisi bondeni jua linatuchoma visogo, hakuna wingu hata la kusingiziwa, halafu ghafla maji yanakuja. Hayaji kwa kupanda taratibu. Yanakuja kwa mkupuo, na magogo, na mizoga, na paa la kibanda cha mtu. Mama alikuwa na msemo wake: mvua ya kwao, maji ya kwetu. Na balaa lenyewe ni kwamba kambare walikuwa wanakula sana wakati ule ule maji yanapoanza kuchafuka. Mvuvi aliyetoka mapema alirudi na kikapu kitupu. Aliyechelewa, basi tena.

Kwa hiyo ulikuwapo utaratibu. Hakuna aliyeingia mawe yale bila kuwa na mtu ukingoni wa kumlindia maji. Mlinzi aliwekewa jiwe jeupe juu kidogo ya pale maji yanapoishia, na kazi yake ilikuwa kulitazama jiwe tu. Maji yakiligusa, anaita, na wa mwambani anatoka bila kuuliza. Dada zangu walikuwa wameolewa, mdogo wangu alikuwa bado mgongoni kwa bibi, basi mlinzi wa mama nilikuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kutoka, na nilipewa roho ya mtu mzima niilinde. Nyakati zile hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kubwa.

Sasa nieleze habari ya Kiswahili changu, maana bila hiyo hamtanielewa. Nyumbani tulisema Kinamwanga. Shule ilikuwa mbali na nilikuwa bado sijaanza. Kiswahili nilichokuwa nacho chote nilikiokota kanisani, kanisa la walokole lililokuwa ng'ambo ya shamba letu, la miti na paa la nyasi, ambako mchungaji alihubiri kwa Kiswahili ili watu wa makabila yote wasikie. Kwa hiyo nilijua kusema haleluya, bwana asifiwe, damu, moto, na mwovu ashindwe, lakini ungeniambia nikuletee kijiko ningekutumbulia macho.

Huko mtoni alikuwapo rafiki wa mama, Mama Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao. Yeye hakuvua. Alikuwa akiogopa maji waziwazi, wala hakuona haya kusema. Alileta ng'ombe kunywa pale chini ambako mto ulitanuka, kisha alipanda ukingoni kukaa na mimi na kupiga soga na mama kwa kupaza sauti juu ya maji. Kinamwanga hakukijua, Kisukuma mama hakukijua, basi waliongea Kiswahili, kila mmoja akikiburuta kama alivyoweza. Mama alimtania kwamba Wasukuma huoga kwa maziwa kwa kuogopa mto, naye alijibu kwamba Wanamwanga hata mizimu yao ina magamba.

Siku moja Mama Masanja alitusimulia jinsi walivyopoteza maksai, kwa mikono na sauti zaidi ya maneno, hata mimi nikafuata. Walikuwa wanavuka mifugo, mchana kweupe, maji ya magoti. Mara mto ukanguruma kule juu. Ukabadilika rangi. Ukatoa povu. Maksai alikuwa mkubwa, wanaume wanne walimshika kwa kamba, mto ukamnyang'anya mikononi mwao. Akamaliza kwa maneno ambayo nayasikia mpaka leo:

"Huu mto ukipandisha, haumjui mtu wala ng'ombe."

Mama aliitikia kwamba ni kweli, akavuta mshipi wake. Watu wengine husema mto umejaa au umefurika. Kwetu pale, kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, tulisema umepandisha, yaani umepandisha maji. Wale wawili walielewana kabisa. Mimi niliyekaa kati yao ndiye niliyeganda.

Maana kupandisha nilikuwa nakujua. Nilikuwa nimekuona kwa macho yangu. Kanisani kulikuwa na dada mmoja wa kwaya, mpole, mwenye sauti nzuri, alikuwa akinipa kipande cha muwa kila Jumapili. Siku moja katikati ya maombi alianza kutetemeka. Akanguruma kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti nene ya kiume. Macho yakageuka rangi, yakawa meupe matupu. Povu likamtoka mdomoni. Wazee wa kanisa walimshika mikono na miguu, wanaume watu wazima, akawatupa kama maganda ya karanga. Watu wakanong'onezana: amepandisha. Mchungaji akavua koti, akamsimamia, akawa anamkemea yule pepo kwa kumnyooshea kidole, toka, nakuamuru toka, toka, mpaka dada wa watu akalegea, akalala kwenye vumbi, na sura yake ikamrudia.

Basi hesabu ikawa rahisi kwangu. Ngurumo, mto ulikuwa nayo. Kubadilika rangi, ulikuwa nako. Povu pia. Na nguvu ya kuwashinda wanaume wanne, Mama Masanja mwenyewe alikuwa shahidi. Mto wetu ulikuwa na pepo. Alikuwa amelala humo ndani siku zote, na mama yangu alikuwa anakaa juu ya kichwa chake anavua samaki.

Jamani, hofu ya mtoto haina mwenzake, kwa sababu mtoto haulizi. Angeuliza angejibiwa, mambo yangeisha. Mimi sikuuliza mtu. Nilikuwa nakwenda na mama mtoni kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nilikuwa nikiona kipovu kidogo kando ya jiwe, kile kipovu kinachokuwapo kila siku ya Mungu, nabanwa na haja ndogo. Nilikataa kuoga pale, mama akaniita mchafu. Nilikataa kuchota maji pale, mama akaniita mvivu, akanichapa. Nikavumilia kuchapwa. Usiku nililala nimembana bibi hadi akalalamika kwamba namvunja mbavu.

Lililonitisha zaidi lilikuwa fundisho jingine la mchungaji. Kila alipokemea pepo alituonya watoto tufumbe macho na kufunga midomo, tusishangae, kwa sababu pepo akitoka kwa mtu hutafuta nyumba nyingine palepale, na nyumba iliyo karibu ni mtoto aliyeachama mdomo. Sisi watoto tulikuwa tunajifunika nyuso kwa viganja mpaka tunakosa pumzi. Kwa hiyo nilijua hatari ya pande zote mbili. Pepo akiwa mtoni, atamchukua mama. Pepo akitolewa mtoni, ataingia kwa aliye karibu, na aliye karibu ni mama, au ni mimi.

Ikafika siku yenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza huko juu, kwetu zilikuwa hazijafika, ila kumbikumbi walikuwa wameshatoka. Mama aliwakusanya kwenye kopo, nusu chambo na nusu yetu ya kukaanga. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yameanza kuwa na ukungu wa tope, kidogo tu, na mama akafurahi. Aliweka jiwe jeupe mahali pake, akanikalisha, akaniambia nisiliache kwa macho. Mama Masanja alikuwa na ng'ombe wake kule chini, mbali kiasi cha kusikika akiita lakini si cha kusikika akisema. Mama akarukaruka mpaka Kiboko, akanipa mgongo.

Kambare walikula siku ile sijapata kuona. Alikuwa anatupa, anavuta, anatupa, anavuta. Kikapu kilianza kucheza chenyewe. Nikamsikia anaimba, na mama hakuwa mtu wa kuimba. Jua lilikuwa kali, mbingu safi, jiwe langu limekauka vizuri, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilianza kusahau kuogopa.

Kwanza ikaja harufu. Ile ile ya udongo na majani yaliyooza, ikapita usoni kama mtu amefungua mlango wa ghala la zamani. Nikageuza kichwa nikatazama juu, kule mto unakotokea kwenye kona. Nikaona mstari mweupe umelala juu ya maji, kutoka ukingo mpaka ukingo. Ulikuwa povu. Ulikuwa unakuja bila haraka, umebeba vijiti na majani makavu. Nyuma ya povu maji yalikuwa mekundu kama damu ya kuku. Na nyuma ya yale mekundu, huko nisikoona, kulikuwa na sauti. Sauti nene. Ilikuwa inanguruma.

Nikalitazama jiwe. Lilikuwa kavu. Mama alisema niite maji yakiligusa, na yalikuwa hayajaligusa. Nikamtazama mama. Alikuwa amenasa samaki mkubwa, mshipi umekaza, ameinama, amekanyaga mwamba kwa miguu yote miwili, anacheka peke yake. Maji yaliyobanwa kati ya mawe yalikuwa yanapiga kelele miguuni pake saa zote, na ngurumo ya kule juu hakuisikia.

Nilitaka kuita mama. Naapa nilitaka. Lakini nikaona ndani ya kichwa changu mama akigeuka, akiona lile jambo, akishangaa, na mdomo wake ukiwa wazi. Kama ningemwita jina mbele ya yule pepo, ningekuwa nimemwonyesha nyumba. Nikasimama. Mkojo ulikuwa unanitiririka mapajani, nausikia moto. Nikajua kuna jambo moja tu linalofanywa kwa aliyepandisha, na mchungaji hakuwapo, na wazee wa kanisa hawakuwapo, tulikuwa mimi na mama na jua. Nikajua pia kwamba huwezi kukemea ukiwa umefunga mdomo. Kama atatafuta nyumba, ataipata kwangu. Nikaunyooshea mto kidole, nikaufungua mdomo wangu wote.

"Toka! Toka wewe! Nakuamuru toka!"

Sauti yangu ilikuwa nyembamba lakini kali, na ilikata juu ya kelele za maji ikamfikia mama. Akageuza kichwa. Sasa jiwekeni mahali pake. Mwanamke wa Kinamwanga, aliyelelewa akajua adabu, ameshika kambare wa mwaka, anamwona binti yake wa kumzaa mwenyewe amesimama ukingoni, amemnyooshea kidole, anamwambia toka. Kwetu toka anaambiwa mbwa aliyeingia jikoni. Mzazi haambiwi toka. Mzazi hata hanyooshewi kidole.

Uso wake ulibadilika. Nilikuwa bado napiga kelele, toka, toka, macho yangu yako nyuma yake kwenye povu, lakini yeye aliona namtazama yeye. Akauachia mshipi. Mshipi na samaki na kile kipande cha mti, vyote, akaviachia viende. Akaja. Aliruka yale mawe kwa hasira, bila kuangalia anapokanyaga, akiniambia kwa Kinamwanga kwamba leo nitamjua aliyenizaa. Sijawahi kumwona mama akivuka mawe upesi namna ile. Jiwe la mwisho alipolikanyaga, maji mekundu yalikuwa tayari yanalizunguka, na yeye hakuyaona, alikuwa ananiona mimi tu.

Akapanda ukingo, akanikamata mkono juu ya kiwiko, akainua kiganja. Mimi nilikuwa nimeshafunga mdomo na kufumba macho, nimejikunja, nasubiri mawili, kofi na pepo. Kofi halikuja. Kilichokuja ni mshindo, halafu matone baridi usoni, halafu ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Nikafumbua jicho moja. Mama alikuwa amegeuka nyuma, kiganja bado kiko hewani. Kiboko hakikuwapo. Mawe ya kurukia hayakuwapo. Palikuwa na maji mekundu matupu kutoka huku mpaka ng'ambo, yanapita na mti mzima wenye mizizi yake juu, unajigeuza taratibu. Jiwe langu jeupe sikulijua hata lilipokuwa.

Mama alinivuta, tukapanda juu zaidi, tukapanda tena, kisha akakaa kwenye majani. Alikuwa anapumua kwa mdomo, na mimi nikimwona anapumua kwa mdomo nikamziba kwa kiganja changu. Akadhani nambembeleza.

Mama Masanja alifika anakimbia, khanga moja ameiacha njiani, analia kabla hajajua kama ni msiba. Alipotuona wawili akapiga magoti. Yeye alikuwa amesikia sauti yangu kutoka kule chini, na alivyosikia yeye ndivyo bonde zima lilivyokuja kusikia: kwamba mtoto aliona maji mapema, kabla ya jiwe, akamwambia mama yake atoke, na mama akatoka. Ilikuwa simulizi nzuri na fupi. Watu walikuja nyumbani kunishika kichwa. Mmoja alileta jogoo. Mchungaji mwenyewe alipita, akasema Mungu husema kwa vinywa vya watoto wachanga, mama akaitikia amina huku akiangalia chini.

Mimi sikusema chochote, kwa sababu nilikuwa nimefunga mdomo. Sikuufungua kwa uji, sikuufungua kwa ugali. Maji nilikuwa nayanyonya kwa pembe ya mdomo, meno yamebana. Nilikuwa na hakika kabisa ya mambo mawili: kwamba pepo ametoka mtoni kwa amri yangu, na kwamba yuko karibu, ama nje ananizungukia, ama ameshaingia na siku yoyote nitanguruma kwa sauti ya kiume mbele ya watu. Nilikuwa najisikiliza tumbo. Lilikuwa linanguruma kweli, njaa hiyo, lakini nani wa kuniambia? Bibi alisema nimepigwa na mshtuko. Mama Masanja alisema nipelekwe nikaombewe, na kwa kulisikia hilo nilikimbilia nyuma ya ghala, wakanitafuta mpaka jua likashuka.

Aliyenipata ni mama. Alikaa chini kando yangu, akaegemea ukuta wa ghala. Alikuwa na kibakuli cha uji wa ulezi. Hakunilazimisha. Aliniambia kwamba unga umebaki wa siku hiyo tu, na kwamba akipata mshipi na ndoano kwa jirani, kesho atarudi mtoni, mto umeshapungua. Kama sitaki kwenda, atakwenda peke yake bila mlinzi.

Hapo nilisahau kila kitu, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia asiende. Nikamwambia pepo wa mto ametoka, anatafuta nyumba, akienda atamwingia. Mama akauliza pepo gani. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, maksai, povu, dada wa kwaya, mdomo wangu. Alinisikiliza amenikazia macho. Kisha akaniuliza polepole:

"Kwa hiyo pale ukingoni, toka ulikuwa unamwambia nani?"

"Mto."

Mama alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa khanga, na mabega yakawa yanatikisika, kisha nikaona kwamba hacheki tena. Aliponyamaza alisema kwamba yeye hakutoka kwa sababu ya maji. Maji hakuyaona. Alitoka aje anipasue masikio. Alisema kama ningemwita mama, mama, angesema subiri, nina samaki. Alilirudia hilo, ningesema subiri, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Baadaye akanieleza lile neno la kupandisha. Alinieleza vizuri, kwa Kinamwanga, kwa mfano wa uji: uji ukichemka unapanda, unatoa povu, unamwagika, je, una pepo? Nikasema hauna. Basi na mto ni hivyo hivyo, mwanangu. Ni maji tu. Mvua imenyesha mbali, maji yamepanda. Hakuna mtu humo ndani, hakuna wa kutoka, hakuna wa kuingia. Akafikiri amenitua mzigo. Aliniwekea kibakuli mkononi, nikanywa uji wote.

Lakini nilipokuwa nakunywa nikaielewa maana yake, na jamani, ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Pepo ana masikio. Pepo ukimkemea anasikia, anatishika, anatoka. Siku zote zile nilizokuwa natetemeka, mahali fulani moyoni nilijua kwamba mwishowe lipo neno la kusema. Sasa mama alikuwa ameniondolea pepo, akaniachia maji. Na maji hayamsikii mtu. Nilimtazama mama, miguu yake imenyooka mbele yake, nyayo zimepasuka, kesho anarudi mwambani, na mimi sina kitu cha kufanya.

Nikamuuliza, "Sasa nikiyaona tena yanakuja, niseme nini?"

Alilifikiria hilo kweli. Alichukua kibakuli, akakifuta kwa kidole, akalamba kidole.

"Sema lile lile."

"Toka?"

"Toka. Na kidole ninyooshee."

"Si umesema maji hayasikii?"

"Hayasikii," mama akasema. "Mimi nasikia."

Kesho yake aliazima mshipi na ndoano, tukaenda. Alinitafutia jiwe jingine jeupe, akaliweka chini kabisa karibu na maji kuliko la kwanza, akafunga khanga kiunoni. Mawe yalikuwa na utelezi wa tope jipya. Aliporuka la kwanza nilikuwa nimeshasimama, mdomo uko wazi, neno liko tayari kwenye ulimi, na nikasimama hivyo mpaka alipomaliza kuvua.